Re: Wamenitumia kijitabu cha sonona, kisha wakafunga faili langu

Mama Nasra
Jumatatu, saa 5:20 usiku

Asalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu wote. Naomba msaada kwa aliyewahi kupita njia hii.

Tangu saa zibadilishwe kwa majira ya baridi hapa Uingereza sina hali nzuri. Usingizi hauji, chakula hakipandi, nikiwa kazini nalia chooni. GP (daktari wangu wa kawaida) akaniambia nijiandikishe mwenyewe kwenye huduma ya ushauri nasaha ya eneo letu. Nikajaza PHQ-9 na GAD-7, fomu za kupima sonona (depression) na wasiwasi, nikapata 16 na 12. Wakanipigia kunihoji, wakasema niko Step 2, ngazi ya msaada mwepesi: nitapewa kijitabu cha kujisaidia, na PWP, yaani mhudumu wao wa afya ya akili, atakuwa ananipigia tukipitie pamoja. Kijitabu kimefika kwa posta, masanduku matupu ya kujaza kila ukurasa. Simu zao sasa zinakuja namba ikiwa imefichwa, asubuhi, wakati ndiyo kwanza nimetoka shifti ya usiku na nimelala. Wiki iliyopita ikaja barua: DNA ("did not attend", yaani sikuhudhuria), faili limefungwa, nirudi kwa GP.

Swali langu ni hili: nikijiandikisha upya, tarehe yangu ya mwanzo inahesabika au narudi mkiani mwa foleni? Na kazini wameanza kuniulizia fit note, yaani cheti cha ugonjwa.

Deo, Coventry
Jumatatu, saa 6:05 usiku

Pole sana dada. Mimi pia waliniandikia DNA. Niliporudi niliwaambia waandike kabisa kwenye faili: msinipigie kabla ya saa nane mchana, na mtume SMS kwanza. Wakafanya. Usiogope kuwaambia, hawana njia ya kujua kwamba unafanya kazi usiku.

Ila nikupe tahadhari. Step 2 wanampa mtu ambaye wanaona hana tatizo kubwa, ndiyo maana unapewa kitabu badala ya mtu. Na kwenye PHQ-9 swali la 9 weka sifuri, liwalo na liwe. Mimi nilikuwa nasubiri ILR (kibali cha kuishi bila kikomo), sikutaka maneno yale yafike Home Office, wizara ya uhamiaji.

Njeri, Luton
Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Deo, ushauri huo wa mwisho ni wa hatari na siwezi kuupita kimya. Mimi ni nesi wa afya ya akili.

Swali la 9 linauliza kama umekuwa na mawazo ya kufa au ya kujidhuru katika wiki mbili zilizopita. Halipo pale kumtega mtu. Ukijibu kwamba yapo, anayekuhoji atakuuliza zaidi: yanakuja mara ngapi, una mpango wowote, nani yuko nyumbani na wewe. Ukiweka sifuri wakati si sifuri, anakupangia msaada wa mtu ambaye si wewe. Mama Nasra, mawazo hayo yakija usiku piga 111, simu ya afya, uchague 2, au Samaritans, wanaosikiliza wenye dhiki, 116 123. Zote ni bure, saa zote, siku zote.

Na hilo la Home Office tulinyooshe. Kulikuwa na makubaliano ya 2017 ambayo Home Office waliyatumia kuomba NHS, huduma ya afya ya taifa, anwani za watu wanaowatafuta. Yalipigiwa kelele, yakabanwa 2018 na mwaka huo huo yakaondolewa. Yalihusu anwani na taarifa za namna hiyo. Majibu ya fomu yako ya sonona hayakuwemo.

Step 2 nayo si dharau. PHQ-9 ina maswali tisa, kila moja 0 mpaka 3, jumla 27. Kuanzia 10 huduma inakuhesabu kuwa mgonjwa anayestahili matibabu. Mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unaweka kujisaidia kwa kitabu pamoja na mtu wa kukuongoza mwanzoni kabisa mwa orodha kwa sonona isiyo kali. Mtu mwenye 16 anaweza kusema waziwazi kwamba anaona Step 2 haimtoshi, wamfikirie Step 3, ngazi ya juu yake, yenye CBT (tiba ya mazungumzo kuhusu fikra na tabia) ya ana kwa ana.

Deo, Coventry
Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Nesi, nimekusikia kuhusu swali la 9, na Mama Nasra naomba umfuate yeye. Lakini usiongee kana kwamba woga wetu umetoka hewani. Wewe mwenyewe umetaja 2017. Watu waliogopa hospitali kwa sababu, na mtu mwenye viza ya kazi iliyofungwa kwa mwajiri mmoja anapima kila karatasi anayoitia sahihi.

Mzee Hamisi, Birmingham
Jumanne, saa 11 jioni

Watoto wangu, salamu. Nimesoma yote.

Mimi sina ugomvi na vitabu, nimefundisha maisha yangu yote. Ila nauliza, mtu anayelia chooni kazini unamtumia vipi masanduku ya kujaza? Nyumbani mtu akijifungia siku ya pili tu, jirani keshagonga mlango kuuliza kulikoni. Hapa ghorofa moja tunaishi familia nyingi, na sauti ninayoijua ya jirani wa juu ni ya mashine yake ya kufulia. Desemba hii jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unatoka kazini giza, uliingia giza. Wenyewe waliona, wakateua waziri wa upweke 2018. Serikali nzima inamtafutia mtu mwenzake wa kuongea naye!

Na tusijidanganye kwamba kwetu ni peponi. Nilimpeleka ndugu yangu hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, miaka ya nyuma sana, na kwa muda mrefu ukoo haukutaka kulitaja jina la hospitali ile mbele ya wageni. Serikali zetu zinajenga barabara za juu, lakini wilaya nzima inaweza kukosa daktari mmoja wa akili. Kila uchaguzi nasikiliza ilani, sijawahi kusikia mgombea akiliweka hili mbele.

Otieno, Slough
Jumanne, saa 1:10 usiku

Shikamoo Mzee. Kwa Kenya kuna lililosogea. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kile kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Binamu yangu alitolewa wodini akapelekwa seli kwa kifungu hicho. Mtu amemeza sumu, na polisi amekaa kando ya kitanda akisubiri apone amshtaki. Miaka yote hiyo tulikuwa tunashangaa kwa nini watu hawasemi.

Vitamini D mnatumia? NHS wanasema sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie mikrogramu 10 kwa siku mwaka mzima, si majira ya baridi peke yake.

Njeri, Luton
Jumanne, saa 1:30 usiku

Vitamini D ni ya mifupa na misuli, Otieno. Itumie, lakini usimwambie mtu kwamba ni dawa ya sonona.

Bi Rukia, London
Jumanne, saa 4:45 usiku

Mama Nasra mdogo wangu, pole. Wanaume hawa wamekwenda Dodoma na Nairobi, wewe umebaki na barua yako mkononi. Acha nikueleze kijitabu chenyewe, maana bila shaka ni ndugu na kile nilichopewa mimi.

Nilikiweka juu ya friji nikakisahau. Kurasa za mwanzo nilizozisoma peke yangu zilinichoma: "andika fikra, andika ushahidi unaoiunga mkono". Nilijiona kama niko mahakamani na mimi ndiye mshtakiwa. Aliyeniokoa ni wifi yangu, yuko Milton Keynes. Akasema nisomee kwa simu, tufanye ukurasa mmoja tu. Tukaruka fikra, tukaanza na jedwali la wiki. Unaandika saa, ulichofanya, halafu namba mbili, 0 mpaka 10: raha uliyopata, na kiasi unachoona umetimiza jambo. Siku moja yangu ilikuwa hivi:

Saa 3 asubuhi, kitandani na simu. Raha 3, kutimiza 0.
Saa 5, bado kitandani na simu. Raha 1, kutimiza 0.
Saa 7 mchana, nimeoga na kubadili shuka. Raha 2, kutimiza 7.
Saa 9, nimetembea mpaka maktaba kurudisha kitabu cha mtoto. Raha 4, kutimiza 6.
Saa 12 jioni, kitandani na simu. Raha 1.

Wifi yangu alinisomea mistari ile kwa sauti, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa naapa kwamba kulala na simu ndiko kupumzika kwangu. Namba zikasema kila nikirudi kule nashuka zaidi. Kijitabu kinachotaka ni kitu hicho tu: usisubiri hamu irudi ndipo ufanye, maana ugonjwa huu ndio uliokula hamu. Panga jambo dogo, lipe saa, lifanye hivyo hivyo bila hamu, kisha uone namba. Kwa shifti yako anza siku saa nane mchana, jedwali halijali saa.

Fikra tulizirudia baadaye, na zilikuwa nyepesi zaidi kwa sababu nilikuwa na mtu wa kuniambia, "Rukia, huo si ushahidi, hiyo ni hasira yako." Kwa hiyo Mzee Hamisi naomba nikupinge kwa heshima. Karatasi zile si tatizo. Tatizo ni kumwachia mgonjwa karatasi peke yake. Hata Zimbabwe walilijua hilo. Dokta Dixon Chibanda alianza Harare 2006 na akina bibi wa mtaani, wakafundishwa, wakakaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Walipopima, matokeo yakatoka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Hatua zile ukiziandika kwenye karatasi hazipishani sana na kijitabu chako. Ila bibi yupo.

Na uende maktaba yoyote, uliza Reading Well. Ni orodha ya vitabu vya kujisaidia vilivyochaguliwa na wataalamu, imeanza England 2013. Unaazima bure, huhitaji karatasi ya GP. Usinunue vile vya madukani vinavyokuahidi furaha kwa siku kadhaa. Nilinunua, vikanifanya nijione mvivu.

Mzee Hamisi, Birmingham
Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Bi Rukia, nimekubali hoja ya benchi. Mimi nina muda na nina simu.

Njeri, Luton
Jumatano, saa 2 asubuhi

Bi Rukia asante. Naongeza moja: ukiwa umezama kiasi cha kushindwa kuoga au kula, kitabu hakitoshi, na wala si kosa lako kwamba hakikutosha. Rudi kwa GP mzungumze dawa au CBT, au vyote viwili.

Kuhusu fit note: siku 7 za mwanzo unajiandikia mwenyewe, zikihesabiwa na wikendi. Zikipita ndipo unahitaji fit note, na tangu Julai 2022 si lazima itiwe sahihi na daktari, nesi wa GP pia anaweza. Omba waandike "may be fit for work" (anaweza kufanya kazi kwa masharti) na kuondolewa shifti za usiku, ukitaka kuendelea na kazi. SSP, malipo ya kisheria ya mfanyakazi mgonjwa, inakwenda mpaka wiki 28.

Mama Nasra
Jumatano, saa 9:15 alasiri

Ndugu zangu, nimewasoma wote baada ya kuamka. Allah awalipe. Swali la 9 nililiweka 1, Njeri, na nilisema kweli. Fit note nimeielewa, kesho naongea na nesi wa GP.

Ila hakuna aliyenijibu kuhusu foleni. Nimepiga, msichana wa mapokezi kasema "inategemea". Inategemea nini hakusema.

Deo, Coventry
Jumatano, saa 10 jioni

Mimi niliporudi walinihoji upya mwanzo mpaka mwisho, lakini sikumbuki nilisubiri kwa hesabu ipi. Ninachojua, asilimia 75 wanatakiwa kuanza matibabu ndani ya wiki 6. Wataje hizo wiki 6 ukipiga.

Njeri, Luton
Jumatano, saa 10:25 jioni

Asilimia 75 ndani ya wiki 6 na 95 ndani ya 18, Deo. Na hicho ni kipimo cha huduma nzima, si ahadi kwa mtu mmoja. Mama Nasra, andika barua pepe, usipige. Eleza shifti, omba SMS, omba wakujibu kwa maandishi tarehe yako ni ipi. Ukitaka mkalimani omba humo humo, ni bure, na mtoto asikutafsirie.

Bi Rukia, London
Jumatano, saa 3 usiku

Wakati huo unaendelea, tusingoje. Mama Nasra, jedwali lako anza nalo leo, hata mistari miwili. Jumapili saa tisa alasiri nakupigia, namba yangu haijifichi. Utanisomea ulichoandika, ukurasa mmoja, basi. Kama kuna mwingine humu mwenye kijitabu juu ya friji aniandikie pembeni, si lazima mbele ya watu.

Otieno, Slough
Jumatano, saa 3:20 usiku

Bi Rukia, mimi ninacho. Ila Jumapili ninaingia kazini saa nane, tunaweza kufanya asubuhi?