Poti za sauti: "100K ni 100K" si jibu la muuzaji

Assalaam aleikum wadau. Nimekasirika na leo sipunguzi maneno.

Ampu (kikuza sauti) ya msikiti wetu huku Lamu, mtaa wa Langoni, poti yake ya sauti, yaani kile kifaa unachozungusha kupandisha na kushusha sauti, ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi, inakwaruza kila ikiguswa. Nikaagiza nne kutoka duka moja Malindi, tatu ziwe akiba. Nilisema wazi kabisa: 100K (yaani ohm laki moja), logi, herufi A, za sauti. Mzigo ukaja na basi hadi Mokowe, ukavushwa kwa boti, nikalehemu usiku ule ule kwa sababu asubuhi kuna darsa.

Asubuhi ustadhi kagusa kidogo tu, sauti ikalipuka! Wazee wakashtuka, watoto wa chuo wakaziba masikio. Robo ya kwanza ya mzunguko imekwisha kutoa sehemu kubwa ya sauti, na ukiendelea kuzungusha haiongezeki tena kwa kasi ile. Naifungua, mgongoni imeandikwa B100K. Linia. Zote nne! Nampigia muuzaji, ananijibu, "Fundi, 100K ni 100K."

Si kweli. Poti ina pini (miguu) tatu, na namba inataja ukinzani, yaani inavyozuia umeme, kutoka pini ya mwanzo hadi ya mwisho, basi. Herufi ndiyo inayokwambia ukinzani huo unapandaje ukizungusha. A, yaani logi, huanza polepole kisha hupanda kwa kasi. B, yaani linia, hupanda sawasawa, kwa hiyo ikiwa katikati sauti imeshuka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 tu kutoka juu kabisa, na sikio la binadamu halihesabu hivyo. Lataka ishuke desibeli 10 hivi ndipo lihisi sauti imepungua nusu. Poti ya logi ikiwa katikati hupitisha asilimia 10 hadi 15 tu ya umeme wa sauti unaoingia. Hapo ndipo mkono na sikio huenda pamoja.

Sisemi B ni mbovu. Poti ya mizani ya spika za kushoto na kulia huitaka, na hata poti za bezi na trebo (sauti nzito na nyembamba) kwenye ampu zenye sakiti ya Baxandall, yule Mwingereza aliyeichapisha 1952. Ukifunga A pale, katikati haiwi katikati tena.

Na asije mtu hapa kumtetea kwamba herufi zinachanganya. Najua, kuna vifaa vya zamani vya Ulaya ambavyo A yao ndiyo linia. Basi si apime! Weka poti katikati, mita kwenye pini ya kati na ya pembeni. Ukipata 50K huku na 50K huku, ni linia. Ukipata kama 12K huku na 88K kule, ni logi. Dakika moja haifiki. Anauza vifaa na mita anazo rafuni!

Kwa sasa nimefunga rezista (kifaa cha kuzuia umeme) ya 15K kutoka pini ya kati hadi ardhi, yaani upande wa sifuri wa sakiti. Katikati inatoa kama asilimia 19 badala ya 50, darsa zinaendelea. Lakini ni kiraka: poti ikiwa juu kabisa, sehemu ya ampu iliyo kabla ya poti inabeba mzigo wa 13K badala ya 100K.

Nimemwambia abadilishe, ati nauli ya kurudisha nilipe mimi. Pesa zile ni sadaka za waumini. Silipi. Nataka A100K nne, zilizopimwa, kwenye basi la kesho.