Mawakili, kesi ni ya mteja sio yenu! Mama yangu kapitwa na muda wa rufaa, wakili kakaa kimya

Wakuu kwema? Mods naomba msiuhamishe huu uzi, na nyie wa "weka jina tumjue" mnisamehe, jina halitoki hapa, litaenda linakotakiwa kwenda.

Hivi nani aliwaambia hawa watu kwamba ukishalipa na kusaini makaratasi basi kesi imeshakuwa yao? Maana huyu wa mama yangu ndo alivyoelewa. Kiwanja cha mama kipo Nzuguni, hapa Dodoma, jirani kaingia ndani kama mita nane hivi, kapiga ukuta na choo juu yake. Zamani huko nani angegombania mita nane, ila tangu serikali ihamie Dodoma na CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa inagawa viwanja, ivunjwe 2017 kazi zake zikaenda halmashauri, ardhi imekuwa dhahabu na kila mtu ana karatasi yake, huyu ya CDA, yule ya mwenyekiti wa mtaa, basi tukaishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tukatafuta wakili. Na sio kishoka (wakili feki) jamani, msianze, nimemtafuta kwenye e-Wakili, ule mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki mawakili, na yupo vizuri kabisa. Hela tukampa, ya kuanzia na ya kila akienda, risiti ya EFD hatujaiona mpaka leo lakini hiyo ina uzi wake.

Mwanzoni simu anapokea, shikamoo mama yangu nyingi. Baadae ukipiga "nipo mahakamani nitakupigia", hapigi. WhatsApp tiki za bluu zinawaka, hajibu, ila status anaweka kapiga suti yuko semina. Mama akimuuliza kesi imefikia wapi anaambiwa "mama we tulia nyumbani, haya ya kisheria niachie mimi". Makaratasi yote Kiingereza, wakati sheria ilishabadilishwa 2021 Kiswahili ndo kiwe lugha ya mahakama, bi mkubwa anaonyeshwa kwa kidole tu, saini hapa, na hapa.

Sasa sikilizeni. Kuna msiba mtaani, tupo chini ya turubai, jirani huyo huyo tunaeshtakiana nae anakuja kukaa karibu na mama anamwambia, "Dada, mimi nilitaka tuyamalize, nikasema natoa milioni tisa nifidie kile kipande, wakili wako akanijibu hutaki hata kusikia." Mama kabaki na sahani ya wali mkononi ananiangalia mimi. Milioni tisa! Hajawahi kuambiwa, hajawahi kuulizwa, hakuna hata meseji. Labda angekataa, mama yangu mbishi namjua, labda angesema lete kumi na mbili. Lakini wa kusema ni yeye, kiwanja ni chake.

Nilipofanikiwa kumpata wakili msomi akanijibu, bila aibu, "ile ofa ilikuwa ndogo, nisingewashauri mkubali". Sawa, ulitushauri saa ngapi sasa??

Mimi sio mtu wa kumfundisha wakili kazi. Shahidi gani aanze, pingamizi gani aweke, hoja ipi iende mbele, hayo kasomea, afanye. Ila kuyamaliza nje au kuendelea, kuiacha kesi au kukata rufaa, hayo ni ya mwenye kesi, wakili anatoa ushauri anaeleza faida na hasara halafu anasubiri jibu. Hata fundi gereji akikuta kifaa kingine kimekufa anakupigia kwanza kabla hajafungua.

Kumbe hilo la milioni tisa lilikuwa dogo. Tumeenda wenyewe masjala kuulizia tarehe, karani anapekua jalada anamwambia mama, "Mama, hukumu hii mbona ilishasomwa, wakili wako alikuwepo, na nakala alishachukua." Tumeshindwa na hatujui! Rufaa ya kutoka Baraza kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, na siku 45 zilishapita zamani. Kumpigia, siku hiyo akapokea sijui ilikuwaje, anasema "niliipitia hukumu nikaona rufaa haina mashiko". Yaani kakaa peke yake ofisini kaamua mama yangu hakati rufaa. Inawezekana kweli haina mashiko, mimi sijui, lakini angemuita akamwambia mama tumeshindwa kwa sababu hii na hii, una siku 45, mimi naona hivi, wewe unasemaje.

Na hapa ndo pananichosha kabisa. Sasa hivi inabidi tuombe Mahakama Kuu ituongezee muda, na lazima uwe na sababu ya msingi, na kila mwanasheria niliemuuliza ananipa jibu moja, kwamba Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi tu uzembe wa wakili sio sababu ya kuongezewa muda, mteja nae ana wajibu wa kufuatilia kesi yake. Wakili anakwambia tulia nyumbani, ukitulia mahakama inakuuliza kwanini hukufuatilia. Mwenye kosa anaendelea na semina zake, anaelipa ni mama.

Mtakuja na "mawakili wana kesi nyingi mkuu". Meseji ya "hukumu imetoka, tumeshindwa, njoo tuongee" inachukua dakika ngapi? Kama ni nyingi usipokee nyingine. Na wewe mwenye kesi sasa hivi, tarehe ya kutajwa nenda mwenyewe hata kama umeambiwa hakuna haja, na ukimuuliza kitu wakili wako muulize kwa maandishi ubaki na ushahidi.

Malalamiko ya Kamati ya Mawakili ndo naandika. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura 341, pale anakaa jaji wa Mahakama Kuu, mtu wa upande wa Mwanasheria Mkuu na wakili mmoja anaependekezwa na TLS (chama cha mawakili), wanaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kabisa kwenye orodha ya mawakili. Safi. Ila hata wakimfuta kesho asubuhi ule ukuta wa jirani hautoki, na muda wa rufaa haurudi wenyewe.

Aliyewahi kupeleka malalamiko huko aje anielekeze, viambatanisho gani walitaka na ilichukua muda gani mpaka kuitwa. Na kuna mtu alishapewa muda wa rufaa katika hali kama hii, alijieleza vipi?

Na wewe wakili, najua humu unaingia. Jalada la mama tunalitaka lote Jumatatu asubuhi, pamoja na hiyo nakala ya hukumu uliyoikalia.