Tamthilia ikirudiwa, mwigizaji wa nafasi ndogo alipwe tena au asilipwe? Watu wa Mombasa semeni

Bin Kizingo: Wenzangu, nataka jawabu la wanaoijua kazi. Kaka yangu anaigiza hapa Mombasa miaka mingi, na hajawahi kuwa steringi. Yeye ndiye askari wa kituo, nahodha wa jahazi, baba mkwe, jirani anayeleta habari ya msiba. Tamthilia moja aliyocheza imerudiwa na kurudiwa, na sasa iko tena hewani mchana. Akienda Marikiti watu wanamwita kwa jina la mhusika. Alilipwa siku alizofika kazini, basi. Mimi nasema stesheni ikirusha tena, naye apate chake, na sheria iseme hivyo waziwazi. Steringi angalau huitwa kwenye matangazo ya biashara. Huyu wa pembeni mali yake ni sura, na sura ishauzwa.

Fundi Changamwe: Mimi nikijenga nyumba silipwi kila mpangaji mpya akiingia. Tulipatana bei, nikalipwa, nikaondoka. Mwigizaji ana nini zaidi yangu?

Mama Swafiya: Fundi, mpangaji akiingia hakuoni wewe sebuleni ukilia. Mwigizaji yuko pale kila kipindi kikirushwa, na tangazo la sabuni linalipiwa kwa sababu yuko pale. Wamarekani walilipigania hili zamani. 1960 waigizaji waligoma hadi wakakubaliwa malipo ya filamu zao zikionyeshwa kwenye televisheni, na 2023 wakagoma tena siku 118, marudio ya mitandaoni yakiwa miongoni mwa madai. Na kwetu msiseme hakuna kitu. 2012 kiliingizwa kifungu cha 30A kwenye Sheria ya Hakimiliki, kinachotaja malipo ya wasanii kazi zilizorekodiwa zinapotangazwa. PRISK, chama cha haki za wasanii, ndiyo iliyokuwa ikikusanya kwa niaba ya waigizaji. Kaka yako amejisajili na chama chochote?

Shekhe Majengo: Hicho kifungu si ndicho kilichotupwa na Mahakama Kuu ya Malindi 2016, kesi ya nyimbo za miito ya simu?

Mama Swafiya: Ndicho, na hoja kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa kilipopitishwa. Haikuwa kwamba msanii hastahili. Na 2019 sheria ikafanyiwa marekebisho mengine. Kwa hiyo usitufungie mlango kwa kesi ya miito ya simu.

Wa Umoja Nairobi: Jameni, niseme ukweli hata kama utauma. Nimekuja kupiga kazi Pwani nikiwa upande wa kamera. Shida ya waigizaji wa huko si mrabaha, ni saa. Ukiwaambia saa kumi na mbili asubuhi wanafika saa tatu, wameshiba mahamri na mbaazi. Ndiyo maana steringi anatolewa Nairobi na nyinyi mnabaki kuwa majirani.

Kibokoni Damu: Wewe bwana, hebu subiri. Mimi nimekuwa kwenye hizo seti zenu. Mwenzangu wa Likoni alivuka feri alfajiri, saa kumi na moja na nusu yuko Mji wa Kale, amekaa barazani. Kanzu ni yake, dobi kamlipa mwenyewe, na mtu wa mavazi anamwambia asiegemee ukuta asije akaikunja. Kamera ilianza saa nane mchana. Kwa nini? Jenereta ilikuwa haijaja! Chakula kilipokuja, steringi na wenziwe walitangulia, sisi tukapewa wali mtupu. Jioni mkamlipa siku moja, na ya kesho mkaifuta kwa simu. Halafu unakuja hapa kutueleza mambo ya saa?

Wa Umoja Nairobi: Kwani nimemtaja nani? Nimesema nilichoona. Na jenereta si kazi ya kamera.

Kibokoni Damu: Umetaja Pwani nzima. Sasa unachagua?

Binti Frere Town: Mimi la saa naliacha. La kuuma zaidi ni hizo nafasi zenyewe. Mpwani akiitwa, ni mganga, ni jini, ni mvuvi, au ni mama wa kufunga ushungi na kusema "maskini mwanangu". Daktari anatoka Nairobi, wakili anatoka Nairobi. Eti sisi tuna lafudhi! Mzee Ojwang wa Vitimbi, vile vichekesho vya televisheni, aliitwa Benson Wanjau, jina la Kikuyu, na alicheza Mjaluo mpaka nchi nzima ikaamini. Otoyo wa Papa Shirandula ni Kazungu Matano. Jina hilo mnalisikia wapi kama si huku kwetu? Mwigizaji akipewa nafasi huvaa lafudhi yoyote. Msitupangie.

Fundi Changamwe: Ojwang alikuwa nguzo ya Vitimbi, si wa pembeni. Mfano haufai.

Binti Frere Town: Mfano wa lafudhi unafaa, fundi. Na hiyo nguzo unayoisema, Wakenya walichangishana kwa simu ili atibiwe macho. Alifariki 2015. Kama nguzo yenyewe inafikia mchango, jirani wa pembeni atafikia wapi?

Shekhe Majengo: Hata Ulaya na Marekani ni hivyo hivyo, msidhani ni Kenya tu. Ile filamu ya kapteni Phillips na maharamia, meli ya Maersk Alabama waliyoiteka 2009 ilikuwa inakuja hapa Kilindini. Filamu sehemu kubwa ikapigwa Malta. Barkhad Abdi, kijana wa Kisomali wa Minneapolis, akateuliwa Oscar ya mwigizaji msaidizi, akachukua BAFTA 2014. Ikaandikwa alilipwa dola 65,000 kwa filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200, na kwamba alirudi kufanya kazi kwenye duka la simu la nduguye. Oscar hizo hizo Lupita alishinda, naye kwa nafasi ya usaidizi.

Fundi Changamwe: Dola 65,000 ni nyumba Bamburi na chenji! Alionewa wapi?

Shekhe Majengo: Kodi, wakala, na miezi ya kusubiri kazi nyingine. Hesabu vizuri.

Wa Umoja Nairobi: Huyo Abdi alifika kwa wakati, lakini.

Kibokoni Damu: Umeanza tena! Taja mtu mmoja aliyechelewa, taja siku, tuitane. Huwezi kula na sisi, ulale kwetu, upige picha nyumba zetu bure, kisha urudi bara ukatuvunjie jina.

Bin Kizingo: Jamani, niliuliza habari ya marudio. Kaka yangu ana watoto shuleni, na sura yake iko hewani mchana huu ninapoandika. Hakuna aliyenijibu kama anaweza kudai.

Mama Swafiya: Nimekujibu, mwanangu, ila mahamri yamekuzibia. Kwanza mkataba. Anayo nakala?

Bin Kizingo: Hana. Alitia sahihi juu ya boneti ya gari, karatasi ikachukuliwa. Anakumbuka ilisema haki zote, milele, dunia nzima.

Mama Swafiya: Basi akaidai hiyo nakala kwa barua yenye tarehe, abaki na nakala ya barua hiyo. Aulize ni chama kipi cha wasanii chenye leseni ya kukusanya sasa, ajisajili wiki hii. Halafu akae aandike kila kipindi anachokiona: siku, saa, stesheni. Wakisema hakurushwa, atawaonyesha daftari. Na kazi ijayo asitie sahihi neno "milele" bila kuongezewa bei.

Wa Umoja Nairobi: Mama, hilo la nakala ni kweli tupu. Hata sisi wa kamera hatupewi. Nimefanya kazi mbili mwaka huu bila karatasi mkononi, moja hadi leo sijamaliziwa.

Mama Swafiya: Basi nawe dai yako.

Kibokoni Damu: Na la jenereta bado hujajibu.