Naomba ushauri: kushika meli Mombasa wakati hati inasema usuluhishi ni London

Wakuu, habari zenu. Nauza mitumba Gikomba. Miezi tisa iliyopita nilifungua kontena langu pale bandari kavu ya Embakasi nikakuta marobota yamelowa maji ya chumvi na kuota ukungu. Karibu nusu yalienda jaa. Huo ulikuwa mtaji wa watu watatu, mmoja wao mama yangu.

Wenye meli wanasema hati ya shehena (bill of lading, ile karatasi ya mkataba wa kusafirisha mzigo) ina kifungu cha usuluhishi London, yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi (arbitrator) huko badala ya mahakama, kwa hiyo nisiguse mahakama za Kenya. Wakili ninayemjua hushughulikia kesi za mashamba, lakini amenionyesha kwamba Mahakama Kuu yetu ina mamlaka ya kesi za baharini chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Mahakama, na inaweza kuamuru meli ishikwe, yaani izuiwe isiondoke bandarini. Upande wa pili, Sheria ya Usuluhishi ya 1995, kifungu cha 6, inawaruhusu wenye meli kuomba kesi isimamishwe ili iende kwa msuluhishi. Kifungu cha 7 nacho kinaruhusu mahakama kutoa amri za muda za kulinda madai.

Je, kuna aliyewahi kushikisha meli Mombasa ili apate dhamana tu (ahadi ya malipo akishinda), madai yenyewe yakaenda kwa msuluhishi? Kesi ikisimamishwa, dhamana hubaki?

Kinachoninyima usingizi ni ule mwaka mmoja wa kudai chini ya Kanuni za Hague, zile kanuni za kimataifa za kusafirisha mizigo kwa meli. Nikifungua kesi hapa pekee, siwezi kujikuta nimechelewa London? Nimebakiza miezi mitatu.