Ushauri: mashine ya espreso ya nyumbani, maji ya Dodoma, bajeti milioni moja na nusu

Mkazi_wa_Ipagala

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa watu wanaotumia mashine za espreso majumbani mwao, hasa walioko mikoa yenye maji magumu kama haya ya kwetu Dodoma.

Mimi na mke wangu tunakunywa kahawa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mimi napenda iliyo tupu, fupi na nzito, naye anapenda yenye maziwa mengi yaliyopigwa povu. Kwa sasa tunanunua mgahawani, na kila tukipiga hesabu ya mwezi tunaona kwamba ni bora fedha hiyo tungeiweka kwenye chombo cha kudumu. Tumetenga shilingi milioni moja na nusu kwa kila kitu kinachohitajika, wala sina uwezo wa kuongeza.

Nina njia tatu mbele yangu. Kuna duka Dar es Salaam linalouza DeLonghi Dedica, ile mashine nyembamba ambayo sanduku lake limeandikwa baa 15, yaani kipimo cha mgandamizo. Dada yangu aliyeko Houston anataka kunipa bure Gaggia Classic yake aliyokwisha kuitumia, na amepata mgeni wa kuibeba. Shemeji yangu wa Muscat naye yuko tayari kuninunulia huko nitakayoichagua, na yeye mwenyewe anaisifu sana Bambino, ambayo kwingine huuzwa kwa jina la Breville na Ulaya kwa jina la Sage.

Wasiwasi wangu ni miwili. Birika letu la umeme huota ukoko mweupe muda mfupi tu baada ya kusafishwa, na jioni umeme hushuka nguvu mpaka taa zinafifia. Je, baa 15 ni bora kuliko baa 9 ninazozisikia zikitajwa? Na je, ni lazima ninunue kisagio, au kahawa iliyosagwa ya supamaketi itatosha?

Kinu_cha_Mkono

Ndugu mleta mada, naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo litakaloigawa bajeti yako. Kisagio ni lazima, na ningekushauri ukinunue kabla ya mashine yenyewe.

Maji ya espreso hupita kwenye kahawa kwa muda wa sekunde 25 hadi 30 tu, tena yakisukumwa kwa nguvu, na kinachoamua kama yatapita kwa kasi au kwa taabu ni ukubwa wa chembe za unga. Kahawa ya supamaketi imesagwa kwa kipimo kimoja cha watu wote, na kwa kawaida ni nene mno kwa kazi hii, hivyo maji hupita upesi na kikombe kinatoka chepesi na chenye ukali wa limau. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana mashine nyingi za bei ya chini huja na kichujio chenye kuta mbili na tundu moja dogo chini. Kichujio hicho hulazimisha povu kutokea hata kama kahawa imechakaa, na mtu huliona povu akaamini kwamba amepata espreso.

Kwa bajeti yako, tafuta kisagio cha mkono chenye meno ya chuma, kinachorekebishika kwa hatua ndogo ndogo. Kwa takriban dola 100 unapata cha aina ya Kingrinder K6, ambacho ukikifananisha na kisagio cha umeme cha bei hiyo hiyo, cha umeme kitaaibika. Kusaga gramu 18 huchukua dakika moja au zaidi kidogo, na mkono huzoea. Vile vya umeme vyenye visu vinavyozunguka kama vya blenda usivitazame hata kidogo, kwa sababu hukatakata buni badala ya kuisaga.

Fundi_Mvuke

Nafanya kazi ya kutengeneza mashine za kahawa, na mengi ya yanayoniletea wateja ni hayo mawili uliyoyataja, maji na umeme, kwa hiyo nitayachukua taratibu.

Kwanza hizo baa 15. Ni uwezo wa juu kabisa wa pampu ikiwa imezibwa, wala si nguvu inayoifikia kahawa. Ni kama dashibodi ya gari iliyoandikwa 220, ambayo haimaanishi kwamba unakwenda kazini kwa mwendo huo. Espreso huhitaji baa 9 hivi kwenye kahawa yenyewe, yaani takriban mara tisa ya mgandamizo wa hewa uliotuzunguka, pamoja na maji yenye nyuzi joto kati ya 90 na 96. Usiilipie zaidi mashine kwa sababu ya namba iliyochapishwa sandukuni.

Pili, zawadi ya Houston. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, na Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Ukiichomeka mashine hiyo ukutani moja kwa moja, hita itavuta karibu mara nne ya nguvu iliyokusudiwa, na hapo hakuna cha kuokoa. Utasema utanunua transfoma. Hita ya mashine za namna hii huvuta zaidi ya wati 1,000, hivyo utahitaji transfoma ya wati 2,000 ili isichemke, na hiyo ni mzigo mzito kuliko mashine yenyewe na itakumega bajeti. Hata hivyo tatizo la mizunguko litabaki pale pale, kwa sababu pampu ya mtetemo hupiga kwa kufuata mizunguko ya umeme, na iliyotengenezwa kwa 60 itafanya kazi kwa unyonge kwenye 50. Mshukuru dada, umwombe aiuze huko huko na akutumie fedha.

Tatu ni maji, na hapa ndipo ningeomba usome mara mbili. Ukoko unaouona kwenye birika ni chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu zinazojitenga maji yanapopashwa moto. Ndani ya birika unauona na kuukwangua. Ndani ya mashine huuoni. Dedica hupasha maji kwa themobloku, yaani bonge la chuma lenye kijia chembamba ambamo maji hupita yakipata moto, na Bambino nayo hupasha maji yakiwa njiani, ndiyo maana huwa tayari baada ya sekunde 3. Kijia hicho kikianza kuziba, mashine haipigi kelele. Kikombe hupoa kidogo kidogo, maji hupungua, halafu siku moja pampu inaunguruma na hakuna kitu kinachotoka. Gaggia Classic ina boila ndogo iliyofungwa kwa skrubu, ambayo fundi anaweza kuifungua, kuisafisha, kubadilisha gasketi na kuirudisha. Kwa maji yako, ukiniuliza kati ya mashine za umeme, ningechagua ile inayofunguka.

Ukisafisha, tumia asidi ya sitriki kwa kipimo cha mtengenezaji na usizidishe, kwa sababu boila za alumini huliwa na tindikali. Na usidanganyike kwamba kuchemsha maji kwanza kunatosha. Kuchemsha na kuyaacha yatue huondoa sehemu ya chokaa, ila chumvi ya kawaida haiondoki, na chumvi hiyo hutoboa hata chuma kisichoshika kutu.

Mkazi_wa_Ipagala

Fundi, nashukuru sana, hilo la Houston limekwisha. Je, nikitumia maji ya chupa au yaliyochujwa kwa mashine za kuondoa chumvi kabisa?

Fundi_Mvuke

Ya chupa soma lebo, kwa sababu mengine yana kalsiamu nyingi kuliko ya bomba. Yaliyoondolewa kila kitu nayo hayafai yakiwa peke yake, maana kahawa hutoka bila uhai na baadhi ya mashine zenye vihisio vya maji hushindwa kuyatambua kabisa. Njia ya kati ni kuchanganya, sehemu kubwa ya maji laini na sehemu ndogo ya bomba, na masika ukiwa na bati safi na tangi lenye mfuniko, maji ya mvua hufanya kazi hiyo bila gharama. Kisha tazama birika. Likikaa muda mrefu bila ukoko, umepata mchanganyiko wako.

Moka_Daima

Samahani kwa kuingilia, lakini mbona hakuna aliyetaja moka, lile birika dogo la kahawa la kuweka jikoni? Bialetti waliitoa mwaka 1933, haina pampu wala waya, gesi ikiwashwa kahawa iko tayari, na bei yake haifiki hata robo ya bajeti hiyo. Kwa anayeweka maziwa mengi, nani ataona tofauti?

Kinu_cha_Mkono

Mke wake pengine hataiona, ila yeye mwenyewe ataiona. Moka husukuma kwa baa moja hadi mbili hivi, na kahawa yake ni nzuri, nami ninayo, lakini haitoi ule uzito alioutaja mleta mada.

Ningeongeza njia ya nne ambayo inajibu maji na umeme kwa pamoja, nayo ni mashine ya wenzo wa mkono, kwa mfano Flair au Cafelat Robot. Unachemsha maji kwenye birika, unayamimina juu ya kahawa iliyoshindiliwa, halafu unagandamiza kwa mikono mpaka baa 6 hadi 9, ukiangalia mshale kwenye zile zenye kipimo. Ndani hakuna hita, hakuna pampu, hakuna kijia cha kuziba. Chokaa yote hubaki kwenye birika ambalo tayari unajua kulisafisha, na umeme ukishuka, birika huchelewa tu. Kasoro yake ni kwamba haina bomba la mvuke, na kwa kahawa iliyokaangwa kidogo unalazimika kuipasha moto sehemu inayopokea maji kabla ya kuanza, la sivyo kikombe kinatoka kichachu.

Mzee_wa_Mbozi

Vijana, mmezungumza vyuma vizuri, lakini kahawa yenyewe mmeipita mbio.

Mwanangu, unaishi katika nchi inayolima arabika Kilimanjaro, Mbeya, Songwe na Ruvuma, na robusta Kagera, kwa hiyo usinunue paketi iliyozunguka dunia nzima ndipo ikarudi kwako. Tafuta mkaangaji anayeandika tarehe ya kukaanga kwenye mfuko. Ikae wiki moja hivi kwanza, kwa kuwa kahawa iliyotoka kikaangoni leo bado inatoa gesi na maji hushindwa kupita sawasawa, halafu uimalize ndani ya wiki chache zinazofuata. Herufi AA kwenye mifuko zisikutie kiwewe, kwani ni kipimo cha ukubwa wa punje tu.

Kwa mtu anayeanza, chagua iliyokaangwa wastani kuelekea weusi. Arabika zetu za nyanda za juu zina uchachu mzuri ambao kwenye espreso hukuzwa, na ikiwa imekaangwa kidogo utaona unakunywa ukwaju. Kama unataka uzito na krema nene, yaani lile povu la juu ya espreso, changanya robusta ya Kagera kiasi cha sehemu moja kwa nne za arabika. Waitaliano wengi huchanganya hivyo na hawaoni haya, ila kumbuka robusta ina kafeini karibu mara mbili, kwa hiyo usinywe jioni halafu ukamlaumu Mzee.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 18 za unga kutoa gramu 36 za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa kasi, saga laini zaidi. Ikidondoka kwa shida na kuwa chungu, saga nene kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na bila mizani ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu utakuwa unakisia tu.

Bi_Mkunazini

Mzee, shikamoo. Mimi niko Muscat, na nataka kumtoa mleta mada wasiwasi upande wa umeme. Oman ni volti 240 na mizunguko 50, na plagi ni ile ile ya pini tatu za mraba mliyonayo Tanzania, kwa hiyo mashine ya hapa utaichomeka bila adapta. Shemeji yako aangalie kibandiko cha chini kiwe kimeandikwa 220–240V na 50Hz, kwa sababu bidhaa nyingine za Ghuba hutengenezwa kwa ajili ya Saudi Arabia, ambako mizunguko ni 60. Na aulize dhamana kabla ya kulipa. Mara nyingi dhamana ya duka la huku haivuki bahari, na hapo Fundi wetu ndiye dhamana yako.

Mkazi_wa_Ipagala

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Tumeyasoma pamoja nyumbani. Nilitaka Gaggia mpya kutoka Muscat, lakini nikiweka kisagio na mizani juu yake bajeti inapasuka, nami nilisema sitaongeza. Nimeelekea kwenye wenzo wa mkono. Mwenzangu hana neno na wenzo, ila anauliza maziwa yake yatapata povu wapi, na amesema wazi kwamba jibu la kuyapiga kwa kijiko halitakubaliwa.

Kinu_cha_Mkono

Mwambie mkeo asikubali kijiko. Pasha maziwa yafikie nyuzi joto 60 hivi, yasichemke, uyamimine ndani ya chombo cha kahawa cha kusukuma kwa chujio la waya, halafu usukume juu na chini kwa kasi mpaka yaongezeke. Povu hutoka laini kuliko la kipekecho cha betri, ingawa kipekecho ni cha bei rahisi zaidi na huoshwa upesi. Maziwa yenye mafuta kamili hutoa povu zito zaidi mdomoni.

Fundi_Mvuke

Nakubaliana na uamuzi wako, nami ninasema hivyo nikijua kwamba sitapata kazi kwako. Jambo moja la kumwagiza aliyeko Muscat, anaponunua wenzo anunue papo hapo na seti ya ziada ya mipira ya pistoni. Mipira hiyo ndiyo inayochakaa, ni midogo na ya bei nafuu, lakini kuipata Dodoma ikikatika asubuhi ya Jumatatu ni shida. Ipake mafuta ya silikoni yanayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula, wala usitumie mafuta ya kupikia, kwa sababu huganda na kunuka.