Wamekata miarobaini yote kituoni wakamwaga zege, tunaungua na hakuna anayejali

Wakuu habari za mchana, leo nina hasira na sitaificha. Barabara ya mtaani kwetu huku Dar imepanuliwa, sawa, tuliihitaji, lakini ile miarobaini minane ya pembeni mwa kituo cha daladala imekatwa yote kwa siku moja, na minne kati yake ilikuwa upande wa waenda kwa miguu, haikugusa lami hata kidogo. Wazee wa hapa waliipanda mimi sijaanza hata shule. Nikamuuliza msimamizi wa mkandarasi kulikoni, akanijibu ndivyo ramani inavyosema. Ramani! Yani mtu kachora barabara ya mji wenye jua hili na kivuli hakumo kwenye mchoro.

Njooni hapo saa nane mchana mwezi huu wa pili muone. Wajawazito, wanafunzi na wazee wamejipanga mstari mmoja kwenye kivuli cha nguzo ya umeme, kikisogea nao wanasogea. Mama ntilie aliyekuwa anapikia chini ya mti sasa kafunga turubai na lenyewe linachemka, juzi kaanguka tukambeba kumpepea na kummwagia maji.

Usiku ndo balaa jingine, maana lami, zege na pevingi zinakunywa joto kutwa nzima halafu jua likizama zinaanza kulitema, saa tano usiku ukigusa ukuta bado wa moto, na fukuto la pwani jasho halikauki kwa hiyo mwili haupoi, watoto wanalia mpaka alfajiri. Mti haukupi kivuli tu jamani, unavuta maji ardhini unayatoa kwenye majani na hewa inapoa!

Na msiniambie haya mambo ya kizungu. Nendeni Mji Mkongwe Zanzibar, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba nyumba zinakingiana jua, ua katikati. Sisi huku tofali za inchi tano, bati bila dari, madirisha ya kusukuma yanayofunguka nusu, fensi ndefu inakata upepo wote, halafu Luku yote inaishia kwenye feni.

Wenzetu wanahangaika. Ahmedabad kule India joto la 2010 liliua watu wengi, 2013 jiji likawa na mpango wake wa joto, wananchi wanapewa tahadhari mapema, na mapaa ya nyumba za watu wa hali ya chini yakapakwa nyeupe yarudishe jua juu. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, nao hawana hela, ila 2021 walimteua Eugenia Kargbo kazi yake iwe kushughulikia joto la jiji tu, na masoko ya wazi yakawekewa paa kuwakinga akina mama wauzaji. Chokaa tunayo, miche ya mwarobaini ipo kila kona, tunashindwa nini??

Upande wa pili wa barabara imebaki miti miwili, mkungu na mwarobaini, na jana nimeona imeshapigwa alama nyekundu. Mlio jirani kesho saa moja asubuhi tuwepo pale kabla msumeno haujafika, mwenyekiti wa mtaa nimeshamwambia. Na anayejua sheria za hifadhi ya barabara anielekeze leo hii hii barua ya kuzuia inaandikwa kwa nani.