Mrejesho: kisima cha shule yetu na Rotary

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama shule ya kijijini kwetu inaweza kuiandikia Rotary Foundation (mfuko wa misaada wa klabu za kujitolea za Rotary) moja kwa moja iombe hela ya kisima. Jibu ni hapana, anayeomba ni klabu ya Rotary yenyewe, na ile ruzuku kubwa wanayoita Global Grant bajeti yake inaanzia dola 30,000 na lazima mpate na klabu ya nchi nyingine ya kushirikiana nayo. Jumamosi wanaklabu wa mjini walikuja wakakaa na kina mama chini ya mwembe, hela hawakuitaja kwanza, waliuliza pampu ikifa nani ataitengeneza! Mama mmoja akafungua kilemba akawaonyesha utosi ulivyonyonyoka nywele kwa ndoo.. aisee niliumia sana. Kamati ya maji tumeshachagua, daftari la michango wanashika wamama.